Jinsi Mji wa Rochdale Ulivyowaokoa Mama Wazazi

Mkulima ye yote aliyepata kupeleka kahawa yake, maziwa yake au pareto yake kwa chama cha ushirika huenda amekwisha kulisikia jina la Rochdale, hata kama hajui mji huo uko upande gani wa dunia. Uko kaskazini ya Uingereza, na zamani ulikuwa katika jimbo la Lancashire, nchi ya viwanda vya pamba. Hapo ndipo mwaka wa 1844 watu 28, wafumaji na mafundi wa kazi nyingine, walipochanga fedha zao kidogo kidogo wakafungua duka katika njia iitwayo Toad Lane, wakauza unga, siagi, sukari na mishumaa kwa bei ya haki na mizani isiyodanganya. Kanuni walizoziandika zimeenea duniani kote, na vyama vyetu vya ushirika vimejengwa juu ya msingi huo.

Lakini mji huo una habari nyingine isiyojulikana sana, nayo inastahili kusomwa na kila mwenye mke, binti au dada. Ni habari ya wanawake wajawazito na wakunga wao. Inaonyesha jinsi mji mmoja wenye baraza lake ulivyotambua kwamba mama zake wanakufa bila sababu ya lazima, ukakataa kuendelea hivyo, na jinsi kazi ya ukunga wa nyumbani ilivyopata utaratibu wake katika miji ya Uingereza hata katikati ya karne ya 20.

MJI WENYE SIFA MBAYA

Karibu na mwaka wa 1930 Rochdale ulikuwa na sifa ambayo hakuna diwani aliyependa kuitaja. Katika kila uzazi 1000, karibu mama 9 walikufa. Katika Uingereza kwa jumla hesabu ilikuwa zaidi kidogo ya 4 katika 1000, na hiyo yenyewe ilikuwa aibu. Katika miaka ya 1920 karibu wanawake 3000 walikufa kila mwaka kwa ajili ya kuzaa, katika nchi iliyojivunia reli zake, vyuo vyake na madaktari wake.

Tena kulikuwa na jambo la kushangaza. Tangu mwanzo wa karne ile vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua sana. Maji yalikuwa safi zaidi, maziwa yalikuwa salama zaidi, na magonjwa mengi yalikuwa yakirudi nyuma. Lakini vifo vya mama wazazi havikurudi nyuma. Vilikuwa karibu pale pale vilipokuwa mwaka wa 1900.

Watu walitoa sababu nyingi. Wengine walisema ni umaskini, wengine walisema ni kwa kuwa wanawake wa Lancashire hufanya kazi viwandani hata baada ya kuolewa, na wengine waliwalaumu wakunga wasiosoma. Kila sababu ilikuwa na ukweli kidogo, lakini hakuna iliyotosha. Hesabu za miaka ya 1930 hata 1932 zilionyesha kwamba wake za wenye mali walikufa wakizaa kwa kadiri iliyozidi kidogo ile ya wake za vibarua! Basi fedha peke yake haikuwa ngao.

JIRANI MWENYE MIKONO YA KAZI

Ili msomaji aelewe, na tuanze mbele kidogo. Zamani katika kila mtaa wa wafanya kazi wa Uingereza palikuwa na mama mmoja mtu mzima, mara nyingi mjane, ambaye majirani walimwita wakati wa uchungu. Alikuwa mkunga wa kienyeji kama walivyo wa kwetu: hakusoma chuoni, bali alijifunza kwa kuona. Alizalisha, aliwaosha watoto, alipika uji, aliwafulia watoto wakubwa nguo, na hata maiti aliosha yeye. Malipo yake yalikuwa kidogo, na pengine alilipwa kwa vitu.

Watu walimpenda, na haifai kumdharau. Lakini mikono iliyotoka kuosha maiti au kumfunga mgonjwa kidonda ndiyo iliyomshika mzazi, naye hakujua kwamba imebeba vidudu vya maradhi. Tena hatari ilipotokea hakujua kuitambua mapema, au aliogopa kumwita daktari kwa kuwa nyumba ile haikuwa na fedha za kumlipa.

Mwaka wa 1902 Bunge lilipitisha Sheria ya Wakunga. Ikaundwa halmashauri kuu ya kuwaandikisha wakunga na kuwawekea kanuni. Tangu mwaka wa 1905 hapakuwa na ruhusa ya mwanamke kujiita mkunga bila cheti, na tangu mwaka wa 1910 asiye na cheti hakuruhusiwa kuzalisha kama kazi ya kawaida ya kujipatia fedha, ila chini ya maagizo ya daktari. Wale wa zamani waliokuwa na tabia njema na mazoea ya kazi hawakufukuzwa mara moja. Waliandikishwa, wakaendelea chini ya uangalizi, huku wapya wakifundishwa.

Kila mji mkubwa wenye madaraka kamili, kama Rochdale, ulipewa jukumu la kuwasimamia wakunga wake. Msimamizi aliweza kufika nyumbani kwa mkunga siku yo yote, akaukagua mfuko wake, vyombo vyake, nguo zake na daftari yake. Kisha mwaka wa 1918 sheria nyingine iliamuru kwamba mkunga akimwita daktari kwa sababu ya hatari, daktari atalipwa na baraza, nalo baraza litadai kwa familia kadiri iwezavyo kutoa. Basi mkunga hakuwa tena na sababu ya kusitasita mlangoni, akiwaza nani atalipa. Mwaka huo huo mabaraza yakapewa uwezo wa kufungua vituo vya kuwaangalia wajawazito na watoto.

MAADUI WATATU

Ikiwa sheria zilikuwapo, mbona mama waliendelea kufa? Maadui wakubwa walikuwa watatu.

Wa kwanza ni homa ya uzazi. Mama hujifungua salama, watu hufurahi, na siku ya pili au ya tatu huanza kutetemeka kwa baridi, joto la mwili hupanda, tumbo huuma, na pengine baada ya juma moja hufa. Homa hiyo huletwa na vidudu vinavyoingia tumboni kwa njia ya mikono, vyombo, nguo, na hata pumzi ya mwenye kuzalisha. Mwaka wa 1935 Daktari Dora Colebrook alionyesha kwamba mara nyingi vidudu hivyo vilitoka kooni na puani mwa wale waliomhudumia mzazi, au mwake mwenyewe, au mwa jamaa zake. Ndiyo sababu wakunga walifundishwa kufunga kitambaa mdomoni na puani.

Adui wa pili ni kutokwa na damu baada ya mtoto kuzaliwa. Huyu hana simile. Mama mwenye afya asubuhi aweza kuwa maiti kabla ya saa mbili kupita.

Wa tatu ni kifafa cha mimba. Huyu huja kimya kimya. Miguu na uso huvimba, kichwa huuma, macho huona ukungu, na mkojo ukichemshwa hugeuka kuwa na utando mweupe. Kisha ghafula mama huanguka na kutetemeka, na akianza kuanguka hivyo maisha yake yamo hatarini. Lakini dalili zake hutangulia siku nyingi, au hata majuma, mbele ya hatari. Mwenye kuzitafuta huziona.

Na palikuwa na adui wa nne aliyejificha ndani ya nyumba ya tiba yenyewe: haraka. Baadhi ya madaktari wenye kazi nyingi hawakupenda kumngoja mama katika uchungu wa saa kumi na mbili au ishirini. Walimpa dawa ya usingizi wakamvuta mtoto kwa koleo pasipo haja. Koleo katika mkono wa mjuzi, wakati wa haja, huokoa. Likitumiwa kwa haraka hujeruhi, na jeraha huwa mlango wa homa na damu. Hii ilikuwa sababu mojawapo iliyowafanya wake za wenye mali, waliomudu kumwita daktari kila mara, kufa pengine zaidi kuliko jirani zao maskini waliozalishwa na mkunga mwenye subira.

KAZI YA DAKTARI TOPPING

Mwaka wa 1930 baraza la Rochdale lilipata Mganga Mkuu wa Afya mpya, jina lake Daktari Andrew Topping. Aliona hesabu ile ya vifo akaona kwamba haivumiliki. Lakini hakuanza kwa kuomba jumba jipya la hospitali. Alianza kwa kusema ukweli hadharani.

Kwanza aliwaambia wenyeji wa mji habari yenyewe, katika mikutano na katika magazeti, bila kuficha. Aliwaeleza wanawake kwamba kufa katika uzazi si amri isiyoepukika, na kwamba mjamzito ana haki, tena ana wajibu, wa kuangaliwa kabla ya kujifungua. Aliwaeleza waume pia. Mume asiyejua maana ya kituo huuliza, "Mke wangu si mgonjwa, aende kufanya nini?" Lakini aliyekwisha kuelezwa humwuliza mkewe, "Je, juma hili umekwenda?"

Pili alikutana na madaktari na wakunga wa mji. Walizungumza pamoja juu ya vifo vilivyotokea na namna vilivyoweza kuzuiwa. Haraka ya koleo ilikemewa, subira ikasifiwa. Wakunga wakaambiwa wazi kwamba kumwita daktari mapema si kukubali kushindwa, bali ni sehemu ya ufundi wao.

Tatu, vituo vya kuwaangalia wajawazito vilitengenezwa vizuri zaidi, na palikuwa na daktari bingwa wa uzazi ambaye madaktari wa mji waliweza kumtaka shauri katika jambo gumu, bila familia kuogopa gharama. Na mama aliyeonyesha dalili za homa ya uzazi alipelekwa hospitali upesi, asiachwe nyumbani mpaka hali iharibike.

Matokeo yalikuja upesi kuliko ilivyotazamiwa. Katika miaka michache tu vifo vya mama wazazi katika Rochdale vilishuka kutoka karibu 9 katika 1000 mpaka chini ya 3. Mji uliokuwa mkiani ukawa umeupita wastani wa nchi nzima.

Msomaji mwenye akili atauliza: labda ni dawa mpya? La. Dawa za salfa zilizoshinda homa ya uzazi zilikuwa hazijafika wakati huo. Daktari Leonard Colebrook, ndugu yake Dora, alianza kuzijaribu katika hospitali ya Queen Charlotte's, London, mwaka wa 1935, na penisilini ilikuja baadaye. Labda watu walitajirika? La. Miaka ile ya mwanzo wa 1930 ilikuwa ya dhiki kuu katika Lancashire. Viwanda vya pamba vilifungwa, na waume wengi walikuwa hawana kazi. Chakula hakikuongezeka nyumbani. Kilichoongezeka ni uangalifu, na umoja wa wale waliokuwa wakifanya kazi mbalimbali bila kusemezana.

MAMA ANAPOKWENDA KITUONI

Mwaka wa 1929 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa mwongozo wa vituo vya wajawazito. Ulisema mama afike mara ya kwanza karibu na juma la 16 la mimba, kisha juma la 24 na la 28, halafu kila majuma mawili mpaka juma la 36, na tangu hapo kila juma mpaka ajifungue. Ukihesabu utaona kwamba mama anayefika juma la 40 huwa ameonekana mara 11. Utaratibu huo ulifuatwa kwa miaka mingi, na ulikwenda mbali nje ya Uingereza.

Mara ya kwanza mkunga aliuliza mengi: umri, mimba zilizotangulia, kama mtoto ye yote alizaliwa amekufa, kama damu ilitoka nyingi, kama mama aliwahi kuwa na matege, homa ya moyo au kifua kikuu. Alipima urefu wake na mifupa ya nyonga. Damu ilitolewa kwa kupimwa kaswende na upungufu wa damu, na katika miaka ya 1940 na 1950 ikapimwa pia aina yake, ili damu ya kuongezewa iwe tayari kujulikana. Kila mara mama alipofika, mkojo ulipimwa kwa kuchemshwa juu ya taa ndogo ya spiriti, mikono ya damu ikapimwa kwa mpira unaofungwa mkononi, miguu ikatazamwa kama imevimba. Kisha mkunga alilishika tumbo kwa vidole vyake ajue mtoto amelalaje, akaweka sikio lake juu ya kitu kama tarumbeta ndogo ya mti, akausikiliza moyo wa mtoto.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, chakula kilipokuwa kwa kipimo, Serikali ilihakikisha wajawazito wanapata zaidi kuliko watu wengine. Tangu mwaka wa 1940 walipata maziwa kwa bei ndogo au bure, na tangu mwaka wa 1942 maji ya machungwa na mafuta ya samaki. Watoto wengi wa Uingereza wa miaka ile wangali wakiikumbuka ladha ya mafuta hayo kwa kukunja uso.

Kituoni ndipo palipoamuliwa pia mahali pa kujifungulia. Si kila mama aliruhusiwa kuzaa nyumbani. Mwenye mimba ya kwanza yenye mashaka, mwenye watoto wengi mno, mwenye pacha, mwenye damu iliyopanda, au aliyewahi kutokwa na damu nyingi, alishauriwa kwenda hospitali. Mkunga alifika pia nyumbani mapema akatazama: je, chumba kipo? Maji yako wapi? Moto utawashwa wapi? Nani atawaangalia watoto? Tusidhani kwamba nyumba za Waingereza zilikuwa zote za fahari. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1951 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya nyumba hazikuwa na bafu la kudumu, na katika miji ya viwanda familia nyingi zilitumia choo cha uani.

USIKU WA UCHUNGU

Mpaka mwaka wa 1936 wakunga wengi walijitegemea. Kila mmoja alilipwa kwa kila mzazi, kwa hiyo aliyelala usiku mmoja alipoteza riziki, na aliyempeleka mzazi hospitali alijinyima. Sheria ya Wakunga ya mwaka ule iliyaagiza mabaraza yahakikishe kila mahali pana wakunga wa kutosha wenye mshahara, wenye zamu na likizo. Basi mkunga akawa mtumishi wa mji, mwenye sare, baisikeli au motokaa ndogo, na ubao wa jina mlangoni. Na tangu tarehe 5 Julai 1948, Huduma ya Afya ya Taifa ilipoanza, mama hakulipa hata peni moja kwa mkunga wala kwa daktari.

Uchungu ulipoanza, mume alikimbia kwenye simu ya njiani au aligonga mlango wa mkunga. Chumba kilikuwa kimekwisha kutengenezwa. Kitanda kilikuwa kimevutwa mbali na ukuta ili mkunga apite pande zote. Chini ya shuka walitandika karatasi ngumu na magazeti safi, ambayo baadaye yalichomwa moto. Sanduku la pamba na vitambaa vilivyosafishwa, lililotolewa na baraza, lilikuwa mezani. Mtoto aliandaliwa kitanda. Na pasipokuwapo, droo ya kabati iliwekewa blanketi, nayo ikatosha. Chini jikoni mume alichemsha maji birika baada ya birika.

Mkunga alivua koti, akanawa mikono mpaka kiwikoni kwa sabuni na brashi, akafunga kitambaa mdomoni. Vyombo vyake vilichemshwa. Kisha alingoja. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ukunga: kungoja kwa macho yaliyo wazi. Kila mara aliandika saa, mapigo ya moyo wa mama, mapigo ya moyo wa mtoto, na jinsi uchungu unavyoendelea. Kwa maumivu palikuwa na chombo cha hewa ya dawa kilichotengenezwa na Daktari Robert Minnitt wa Liverpool, ambacho wakunga waliruhusiwa kukitumia tangu mwaka wa 1936. Mama alijishikia mwenyewe kifuniko usoni. Akizidiwa na usingizi mkono ulianguka, na hewa ikakoma. Kwa hiyo hakuweza kujidhuru.

Mtoto alipozaliwa, kitovu kilifungwa kwa uzi uliochemshwa kikakatwa, naye akapimwa uzito kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, akiwa ndani ya kitambaa. Zalio liliangaliwa kwa makini kama limetoka lote, maana kipande kidogo kikibaki ndani, damu na homa hufuata. Ndipo chai ilipoletwa.

Lakini kazi haikwisha hapo. Kanuni zilimtaka mkunga afike asubuhi na jioni siku za kwanza, kisha kila siku, kwa muda usiopungua siku 10. Alipima joto la mama, alitazama damu na maziwa, aliangalia kitovu cha mtoto. Baada yake alikuja Bibi Afya, ambaye alimfuata mtoto mpaka umri wa kwenda shule. Kama nyumba haikuwa na mtu wa kupika na kufua, baraza liliweza kuleta msaidizi wa nyumbani kwa siku kadhaa.

NYUMA YA MKUNGA

Mtu akitazama picha ya mkunga juu ya baisikeli, na mfuko mweusi nyuma yake, aweza kudhani kwamba mama waliokolewa na mwanamke mmoja hodari. Sivyo. Mkono mmoja haulei mwana, wala haumzalishi. Mfukoni mkunga alikuwa na dawa iitwayo ergometrini, iliyogunduliwa mwaka wa 1935, yenye kulikaza tumbo la uzazi na kuzuia damu. Mfukoni pia alikuwa na hati ya kumwita daktari. Na nyuma ya daktari palikuwa na kikosi cha hospitali kilicho tayari kutoka kwa gari usiku na mchana, pamoja na mabingwa na chupa za damu, kumtibu mama pale pale kitandani ikiwa hawezi kusafirishwa. Kikosi cha namna hiyo kilianza Bellshill katika Scotland mwaka wa 1933, na Newcastle mwaka wa 1935, kisha mahali pengi.

Kwa njia hizo zote pamoja, uangalizi, usafi, salfa, penisilini na damu, vifo vya mama wazazi Uingereza vilishuka mpaka chini ya 1 katika 1000 mwaka wa 1950, na mwaka wa 1960 vilikuwa chini ya 1 katika 2000.

Si mambo yote yaliyofanywa wakati ule yalikuwa mema. Mama walilazwa kitandani siku nyingi baada ya kuzaa, na baadaye ikajulikana kwamba kulala sana huweza kuganda damu miguuni, nalo ni jambo la hatari. Leo mama huinuka mapema. Kunyolewa na kutiwa maji ya sabuni tumboni kabla ya kuzaa, vilivyokuwa desturi, vimeachwa kwa kuwa havina faida.

Hata mahali pa kuzalia pamebadilika. Mwaka wa 1946 karibu nusu ya watoto wa Uingereza walizaliwa nyumbani. Mwaka wa 1959 kamati moja ya Serikali ilishauri asilimia 70 ya mama wazalie hospitali, na mwaka wa 1970 kamati nyingine ikataka pawe na nafasi hospitali kwa wote. Miaka kumi baadaye, uzazi wa nyumbani ulikuwa karibu mmoja tu katika 100. Lakini uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba kwa mama mwenye afya njema, aliyekwisha kuzaa kabla, nyumba yenye mkunga aliyesoma na njia ya haraka ya kufika hospitali ilikuwa salama kwa mtoto kama hospitali yenyewe. Kwa mimba ya kwanza hatari kwa mtoto ilizidi kidogo. Basi swali halikuwa nyumba au hospitali tu. Swali lilikuwa: nani amemwangalia mama huyu tangu mwanzo, na msaada uko umbali gani?

FUNZO LILILO WAZI

Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara 8, na ya kwanza iwe kabla ya juma la 12. Mama wa Kenya anayeshika kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto, chenye nafasi za uzito, damu na mkojo, anashika mtoto wa kazi ile ile iliyofanywa katika vituo vya miji kama Rochdale.

Kitabu kisichojazwa hakimwokoi mtu. Rochdale ulikuwa na sheria, ulikuwa na wakunga wenye vyeti, ulikuwa na madaktari, na bado mama 9 katika 1000 walikufa. Walipungua siku ile mji ulipojua hesabu yake, mama walipofika mapema, waume walipoacha kusema kwamba hayo ni mambo ya wanawake, na daktari na mkunga walipokaa meza moja.

Kwa hiyo mwanamume anayesoma habari hii, aliye na mke mjamzito nyumbani, ana mambo manne ya kuuliza jioni hii. Amekwenda kituo mara ngapi? Damu na mkojo vimepimwa? Kichwa kinamwuma, au uso na mikono vinavimba? Na uchungu ukianza usiku wa manane, gari litatoka kwa nani, na fedha yake iko wapi? Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Lakini katika jambo hili ukuta ukianguka hakuna fundi awezaye kuujenga tena.